Mstari wa Pili

14 Januari

Mdogo wangu Chiriku,

Salamu nyingi sana. Hujambo? Afya yako, kazi yako, na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua? Mimi huku mzima. Mgongo unalalamika jioni, lakini mgongo wa fundi cherehani usipolalamika ujue mwenyewe hana kazi.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu nikiishika nasahau yote. Nasema "mzima, mzima, na wewe?" mpaka inakatika, halafu nabaki nimeishika, nakumbuka nilichotaka kusema. Kalamu haina haraka.

Shule zimefunguliwa na unajua maana yake. Sare zimejaa mpaka kitandani. Juzi nimelala na mrundo wa kaptula miguuni kama paka. Na ile sakafu ya chumba cha kushonea imenishinda: mguu wa cherehani umezama kwenye ufa, nikikanyaga inaruka kama mbuzi. Nimemwita fundi wa vigae. Ni mtu mzima, amefiwa na mkewe, mikono imepasuka kwa saruji. Kila akiweka kigae anaweka na pimamaji juu yake, anafumba jicho moja, ananong'ona "tulia, tulia" kama anabembeleza mtoto. Nimempa jina la Pimamaji, mwenyewe hajui. Nilimwambia, "Fundi, kwa mwendo huu utamaliza nikiwa nimezeeka." Akajibu bila kuinua kichwa, "Basi tutakuwa sawa, maana mimi nimeshatangulia." Nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Sasa niambie, wewe hasa unafanya nini huko? Mama wa duka la jirani ananiuliza kila siku. Nilimwambia unatengeneza dawa, akaanza kunisimulia magonjwa yake yote, kuanzia kisigino kwenda juu.

Ukila vizuri niambie. Usipokula, niambie pia.

Dada yako.


4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Mimi sijambo, kifua kimepona. Barua yako nimeisomea mlangoni, koti bado mwilini, na nilipofika kwenye sindano nikacheka kwa sauti. Nikashtuka kusikia kicheko chumbani mwangu.

Huku watu hawana ubaya. Wananisalimia kwa kichwa. Mpangaji wa chumba cha pili namjua kwa kikohozi chake tu. Wiki iliyopita alinyamaza siku nzima nikaingiwa na wasiwasi, nikataka kumgongea, nikaogopa. Kesho yake akakohoa. Nilifurahi kama niliyetembelewa. Ndiyo hivyo, Dada: huyo Chiriku uliyekuwa unamwomba apumzishe mdomo, siku nyingine jua linazama sauti yake mwenyewe hajaisikia. Ile mashine ya kuzungushia vichupa naiongelesha Kiswahili. "Haya mama, zunguka." Hainijibu, lakini inatii, na hilo cherehani yako haijawahi kulifanya.

Mwambie mama wa duka sitengenezi dawa. Natengeneza kipimo. Chukua dhahabu, igawe, kisha igawe tena na tena, mpaka upate chembe ambazo ukizipanga kwenye upana wa unywele mmoja zinaingia kwa maelfu. Dhahabu ikifikia udogo huo si ya njano tena. Ndani ya maji inakuwa nyekundu, kama kioo cha taa ya nyuma ya gari. Siku ya kwanza kuiona nilidhani nimekosea.

Kila chembe tunaivalisha kingamwili, wale askari ambao mwili huwatumia kukamata adui. Askari wetu wanamjua mtu mmoja tu: protini ambayo figo nzima haiiachi ipite kwenye mkojo. Figo ikianza kuchoka, inavuja. Sasa unadondosha tone la mkojo kwenye kipande cha karatasi chenye hiyo dhahabu, unasubiri kidogo. Askari wasiomkuta mtu wao huenda kujipanga kwenye mstari wa pili. Ikitokea mistari miwili myekundu, uko salama. Mstari wa pili usipotokea, figo zinavuja, na umejua mapema, bado kuna la kufanya.

Unajua kwa nini nilichagua kazi hii. Mama alipoanza kuvimba miguu tulisema ni uchovu. Wewe ndiye uliyemshika mkono pale kwenye mashine ya kusafisha damu, mimi nikiwa shuleni nasomeshwa na mgongo wako. Na yule daktari alisema ugonjwa ule huenda unatembea kwenye ukoo. Sijalisahau neno hilo hata siku moja.

Tuyaache. Huyo Pimamaji, Dada. Chumba kile ni kidogo. Hata kobe angekuwa ameshamaliza. Mchunguze.

Mdogo wako,
Chiriku.


26 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo? Unakula? Mimi mzima wa afya, ila umeniharibia. Tangu nisome habari ya kobe siwezi kumtazama yule mtu usoni.

Na ulikuwa na haki, mshenzi wewe. Juzi nilikuwa napiga pasi, yeye amepiga magoti pembeni ya mlango. Mara akaweka mwiko chini.

"Mama fundi," akasema, "mimi vigae najua kuvipanga, maneno sijui. Nikuulize moja kwa moja?"

"Uliza."

"Hivi jioni huwa unakula na nani?"

Nikamwambia, "Na redio."

Akafikiri. "Mimi hata redio yangu ilikufa." Nusura niunguze kola ya mtu. Kisha akasema, "Basi tungekuwa tunakula mahali pamoja. Kwa nia njema. Kwa ndoa."

Nikamwambia mimi ninaye mzee wangu wa kuombwa, yuko mbali, anafanya kazi amevaa glavu. Akasema atasubiri, kusubiri ndiyo kazi yake, saruji yote ni kusubiri.

Chiriku, nina mvi. Miaka ile baada ya Mama, ulikuwepo wewe wa kulea, na mlango huu niliufunga. Sikuufunga kwa hasira, nilikuwa na kazi tu. Halafu mtu anazoea. Sasa naamka asubuhi nasikiliza kama amefika. Naona haya kukuandikia haya, wewe niliyekuosha masikio.

Haya, mzee, unasemaje? Ukiruhusu tutafunga mwezi wa sita, kimya kimya.

Dada yako.


17 Machi

Dada,

Shikamoo, bibi harusi. Mzee amekubali! Mzee amekubali kwa mikono miwili na glavu zake zote!

Barua ilinikuta maabara. Niliruka mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akainua uso. Nikamwambia, "Dada yangu anaolewa." Akasema, "Hongera sana," akarudi kwenye darubini yake. Hakukosea neno. Ila nimegundua kwamba furaha nayo inataka mtu wa pili. Nilikwenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Sikiliza. Humu kwenye bahasha nimeweka vipande vichache vya kipimo changu. Bado havijaruhusiwa kutoka nje ya maabara, kwa hiyo usimwonyeshe mtu. Nataka uingie kwenye maisha mapya moyo wako ukiwa mweupe, bila lile neno la daktari kukufuata. Tone moja tu. Subiri kama unavyosubiri pasi ishike moto. Utaona mistari miwili, utanicheka kwa woga wangu, utavitupa. Humu maabara hakijawahi kuikosa figo mbovu hata mara moja. Najivunia sana, Dada. Wewe ndiye mtu wa kwanza wa kwetu kukishika.

Mpe shemeji salamu. Mwambie asimalize sakafu haraka.

Mdogo wako,
Chiriku.


24 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo.

Bahasha imefika. Ilichelewa, posta waliiacha muda mrefu kwenye lile ghala lao la bati. Asante. Sijapata nafasi ya kukaa na mambo hayo.

Yule fundi nimemwambia haitawezekana. Ameshaondoka. Usiniulize. Kuna mambo mtu akiyatazama vizuri anaona hayamfai.

Soma kwa bidii. Usikatishe kazi yako kwa jambo lolote litakalotokea huku. Nakuomba hilo tu.

Dada yako.


10 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali ulipoficha utani. Sikupata.

Nitasema jambo ambalo mdogo hamwambii mkubwa. Miaka yote neno lako lilikuwa "nikimaliza kumsomesha Chiriku". Chiriku amesoma, Dada. Amesoma mpaka macho yanauma. Sasa sababu ni ipi? Mtu amekuja nyumbani kwako na pimamaji, akakuuliza unakula na nani, na wewe ulikuwa unaamka unamsikiliza. Uliandika mwenyewe! Halafu unamfukuza, na mimi unaniambia nisome kwa bidii.

Wakati mwingine naona mimi ndio ule mlango unaojificha nyuma yake. Nimechoka kuwa mlango. Kama umefanya hivi kwa ajili yangu, zawadi hiyo siipokei.

Niandikie ukweli au usiniandikie.

Mdogo wako.


2 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nilikuambia uandike ukweli au usiandike, na wewe ukachagua. Nimekoma. Andika chochote. Andika kuhusu vifungo.

Simu yako haipatikani. Mwisho nikaomba namba ya mama wa duka. Ameniambia, "Yupo, anashona. Ila hacheki siku hizi." Basi nimejua u hai, na kwamba umenikasirikia. Kwa maneno yale una haki.

Leo mpangaji wa chumba cha pili amehama. Nilijua nilipoliona godoro lake ukumbini. Akanipungia mkono akasema nitunze afya, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza. Sasa hata ukuta umenyamaza.

Nilikaa nikawaza: ulikuwa uolewe mwezi uliopita. Nilikuwa nimeshanunua viatu.

Mdogo wako, naomba radhi,
Chiriku.


21 Agosti

Dada,

Shikamoo, na nisamehe naruka salamu. Nimetuma barua hii kwa njia ya haraka kuliko zote walizonazo.

Vile vipande vya karatasi, ulivitumia? Nijibu hilo. Na kama ulivitumia, na mstari wa pili haukutokea, usiamini. Nakuomba kwa jina la Mama, usiamini.

Maboksi ya majaribio tuliyoyapeleka kwenye zahanati za sehemu zenye joto yamerudi na barua ya malalamiko. Wauguzi walijipima wao kwanza. Wote wagonjwa. Mlinzi wa geti, ambaye anacheza mpira kila jioni, mgonjwa. Mpishi, mgonjwa. Mkuu wa maabara alisema wamekosea kudondosha. Mimi nikachukua vipande vipya, nikaviweka kwenye tanuri letu dogo kwa joto la chumba chenye paa la bati, nikaviacha humo. Kisha nikapima mkojo wangu mwenyewe. Mstari mmoja. Nikachukua vilivyokaa kwenye kabati la baridi, mkojo uleule. Mistari miwili.

Ni joto, Dada. Zile chembe zinashikana mafundo, wekundu unafifia, na wale askari wanaharibika. Mstari wa kwanza unabaki kwa shida, wa pili unapotea kabisa. Kipimo kinamwambia kila mtu kwamba anakufa.

Nilikuwa nimesimama pale na vipande viwili mkononi ndipo nikakumbuka maneno yako: ghala la bati. Na barua fupi. Na "jambo lolote litakalotokea huku".

Niambie sivyo. Niambie ulivitupa.

Chiriku.


6 Septemba

Mdogo wangu Chiriku,

Hujambo? Sijui nikusalimie vipi leo.

Nilivitumia. Vyote.

Ilikuwa siku ileile bahasha ilipofika. Yeye alikuwa uani anachanganya saruji na kuimba vibaya. Nilikwenda chooni huku nacheka, kama ulivyosema. Mstari ukatoka mmoja, mwembamba, kama uzi uliopauka juani. Nikangoja wa pili. Nikasema labda nimekosea, nikajaribu kingine. Kesho yake kingine. Mmoja. Mmoja. Nilikaa mle mpaka akaniita, "Mama fundi, umepotelea wapi, njoo uone kona hii." Nikatoka, nikaiona kona. Nikamwambia ni nzuri.

Utauliza kwa nini sikwenda hospitali. Kufanya nini? Ule ukumbi naujua, na benchi lake, na harufu yake. Na kipimo kilikuwa kimetengenezwa na mtu ninayemwamini kuliko daktari yeyote. Kingekuwa cha mtu mwingine ningesema mashine hukosea. Hiki kilikuwa chako.

Sasa huyu bwana. Alikuwa ameshanieleza habari ya mkewe, ile miezi ya kumwinua na kumlaza, kumlisha kwa kijiko, mpaka akamfia mikononi. Nikajiuliza, nimrudishe mtu huyu kwenye kitanda kile mara ya pili? Nikamwambia, "Fundi, nimefikiri. Haitawezekana."

"Nimekosa nini?"

"Hukukosa."

"Basi nieleze," akasema, "nijue namna ya kukaa nalo."

Ningemwambia ukweli asingeondoka, namjua. Nikatafuta neno la kumwondoa, na neno baya halikosekani ukilitafuta. Nikamwambia nimezoea nyumba safi, sina nafasi ya viatu vya saruji mlangoni. Alivitazama viatu vyake. Kisha akaosha vyombo vyake vya kazi, akavifuta kimoja kimoja, akasema, "Haya, mama." Siku zote alikuwa ananiita mama fundi.

Wewe sikukuambia kwa sababu ungepanda ndege siku ya pili, na kila kitu ulichokisomea kingekufa pamoja na mimi. Simu niliizima kwa kuwa sauti yangu unaijua. Barua yako ya mwezi wa tano niliisoma. Ulichosema ni kweli kwa miaka iliyopita, ila si kwa mwaka huu, na sikuwa na jibu lisilo la uongo.

Hivyo ndivyo nilivyoishi, Chiriku. Nilishona nikijiaga. Kila asubuhi nilibonyeza kifundo cha mguu kuona kama kidole kinaacha shimo, kama kwa Mama. Miguu ikiuma kwa kukaa, nilisema ndiyo imeanza. Nilimaliza sare za watu mapema, nisije nikaacha mtoto wa mtu bila shati.

Leo unaniambia ni joto. Barua nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa sakafuni, kwenye ile nusu isiyo na vigae.

Dada yako.


18 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Sina maneno mazuri, kwa hiyo nakuletea yaliyopo.

Kwanza nenda hospitali. Nenda siku utakayoipata barua hii. Mama wa duka amekubali kukusindikiza, nimempigia.

Pili, nimemweleza mkuu wa maabara kila kitu, na kwamba nilitoa vipande bila ruhusa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huyo dada yako yuko hai?" Nikasema ndiyo. "Basi una bahati kuliko unavyostahili." Amesimamisha maboksi yote yaliyokuwa yanasubiri kusafirishwa, na mimi ameniondoa kwenye mradi. Sasa naosha vichupa vya wenzangu. Hakuna anayenisema, na hakuna anayekaa karibu nami wakati wa chakula.

Nilijivuna kwamba kipimo changu hakiwezi kuikosa figo mbovu. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza kitasema nini mbele ya figo nzima. Ndilo ninalolala nalo.

Niruhusu nije. Nitamtafuta Pimamaji mwenyewe, nitampigia magoti nimwambie ni mimi. Neno lako tu.

Mdogo wako,
Chiriku.


14 Oktoba

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi nimepimwa. Damu, mkojo, na ile picha ya kupakwa mafuta baridi tumboni. Daktari, binti mdogo tu, akatazama majibu akasema, "Mama, hizi figo ni za msichana. Nani alikuambia unaumwa?" Nikamwambia, "Ndugu yangu." Akatikisa kichwa. "Ndugu wengine nao!" Sikukutetea. Ndiyo adhabu yako.

Mama wa duka alibaki apimwe kisigino. Mimi nikatoka, nikanunua chungwa, nikalila palepale kwenye ngazi za hospitali, maji yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Nilitegemea nitafurahi zaidi. Nilifurahi. Ila nilitazama huku na huku nikaona sina wa kumpa nusu.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Pimamaji. Alifungua mwanamke mwenye mtoto mgongoni. "Yule fundi? Amehama siku nyingi. Alipata kazi ya jengo kubwa, mji mwingine." Mwenye nyumba alikuwa na anwani ya kampuni inayojenga. Nimemwandikia. Nimemwambia yote, hata habari ya viatu, na kwamba nilivisema viatu kwa sababu sikupata kosa jingine kwake.

Wewe usije. Nakujua. Utakuja na uso wa msibani, utanifulia na kunipikia kama mtu anayelipa deni. Sitaki. Na nisikudanganye, kuna asubuhi nyingine huwa nakukasirikia. Nashona mpaka inapita, halafu inapita kweli.

Rudi kwenye kazi yako ukairekebishe. Kuna watu huko ambao figo zao zinavuja kweli na hawajui.

Dada yako.


20 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na leo neno hilo nimeliandika taratibu.

Nimerudishwa kwenye mradi. Mkuu alinijia mezani akasema, "Wewe ndiye unayejua kilivyokosea, basi wewe ndiye utakayekaa nacho." Sasa kila kundi la vipande linalala kwenye tanuri kabla ya kitu chochote. Tumeanza kuikausha dhahabu pamoja na sukari. Sukari inakaa katikati ya chembe, zikipata joto hazishikani. Wiki ya kwanza mstari wa pili ulidumu. Wiki ya tatu ulififia. Bado hatujafika, lakini tunajua tunakokwenda.

Na kwenye kila pakiti patakuwa na maandishi: "Mstari mmoja si hukumu. Nenda ukapimwe tena hospitali." Nimeyaandika mimi. Mkuu alitaka kuyafupisha nikakataa, akanitazama, akayaacha. Hakuna anayejua niliyaandika nikimwambia nani.

Chumba cha pili bado hakijapata mtu.

Je, amejibu?

Mdogo wako,
Chiriku.


9 Januari

Mdogo wangu Chiriku,

Hujambo? Kazi inakwenda? Natumaini sukari yako imeshika.

Amejibu. Barua fupi, mistari imenyooka utadhani ameipimia. Anamshukuru Mungu kwa uzima wangu. Anasema baada ya siku ile alinunua viatu vipya, halafu hakujua avivae kwenda wapi. Ameoa mwezi wa nane, mama mmoja anayewapikia wajenzi pale kwenye jengo. Ameandika: "Ungeniambia, ningekaa. Hukuniambia, na sasa nimekaa kwingine." Hakuandika kwa ubaya. Nimeisoma nikitafuta ubaya, ingekuwa rahisi zaidi.

Nimemjibu kumtakia heri, na heri yenyewe namtakia kweli. Sakafu ilimaliziwa na fundi mwingine kwa siku moja.

Sasa nisikilize. Niliandika usije. Nalifuta neno hilo. Maisha yangu yote nimekuambia kaa, soma, vumilia, huku hatujambo. Mwaka jana nilijiandaa kufa na bado nikakuandikia "sijambo". Leo siandiki hivyo. Figo nzima, macho mazima, hata mgongo una nafuu, ila nimechoka kula peke yangu.

Njoo. Usije kuniomba radhi, na kipimo usilete. Omba ruhusa kazini, hata ya wiki chache. Uje ukae hapa mbele yangu uongee mpaka nikuambie nyamaza, halafu usinyamaze. Kitanda chako nimekiondolea sare za watu tangu asubuhi.

Barua hii naipeleka posta mwenyewe sasa hivi, kabla sijakaa nikaandika nyingine ya kukuambia usijisumbue.

Dada yako.